Gari Lililopewa Jina la Babu

Mwenzangu unayetaka kununua gari la kupanda Krismasi, Pasaka na siku ya kuuza pamba, kaa chini kwanza. Sisemi usipande. Panda, ni raha. Mimi siku ya kwanza nilicheka kutoka dukani kwa Bi Sikujua mpaka kwangu Kalangalala bila kujua ninacheka nini, vumbi lote likaniingia mdomoni. Lakini kununua ni jambo moja, kukodi ni jambo la pili, na kuna la tatu ambalo hakuna aliyetuonya. Hilo la tatu ndilo lililotaka kuninyang'anya mwanangu.

Ilikuwa miaka michache tangu askari wetu warudi kutoka Burma, na pamba ilifunguka mwaka ule mpaka watu wakakosa magunia. Mume wangu Bartholomeo alikuwa na pamba, alikuwa na ng'ombe, na mdomoni alikuwa na neno moja tu: gari. Akiamka, gari. Akinawa kabla ya kula, gari.

Sababu ya kweli tulikuwa nayo. Binti yetu Philomena, aliyeolewa na Ignas wa mgodini, alikuwa amerudi kwangu kusubiri kujifungua, kama desturi yetu ilivyo. Mimba yake ya kwanza ilimtesa hapa hapa nyumbani kwangu. Mtoto alitoka kimya, na Philomena mwenyewe tulimbeba kwa machela mpaka hospitali ya masista wa Ushirombo, vijana wakipokezana njia nzima. Alipona kwa shida. Sista Klara alinishika mkono akaniambia, "Mama, mtoto mwingine azaliwe hapa. Uchungu ukianza tu, mlete. Usingoje kuona utakavyokuwa." Maneno hayo nililala nayo na kuamka nayo. Ushirombo ni mbali, na machela nilikuwa sitaki kuiona tena.

Basi tukaenda kwa Bi Sikujua. Huyu alikuwa mjane, akiuzia watu wa mgodini sukari, kaniki na mafuta ya taa, na marehemu mumewe alimwachia gari: pikapu ya kijani, mbele wanakaa watatu wakibanana, nyuma wazi. Dereva wake Donatus alikuwa ameliosha siku hiyo. Jamani, liling'aa. Niliona uso wangu mlangoni, nikajitengeneza kilemba.

"Naliuza kwa ng'ombe," Bi Sikujua akasema, "au nalikodisha pamoja na Donatus. Kwangu yote sawa. Ila ukishalinunua, likilala njiani usije kunililia."

"Tunanunua," akasema mume wangu, hata kulizunguka hajalizunguka.

"Tunakodi," nikasema mimi.

Bi Sikujua akavuta kigoda akakaa. "Msiende kumalizia nyumbani. Malizieni hapa na mimi nicheke."

"Mama Philomena," mume wangu akanigeukia, "mtu anakodi jembe? Anakodi mke?"

"Jembe unalima nalo kila siku. Mke hebu muache. Gari Jumanne tutakwenda nalo wapi?"

"Jumanne litapumzika."

"Likipumzika halili?"

"Gari lililolala halili. Si ng'ombe hilo."

Donatus akakohoa. "Linakula, mzee. Likikaa bila kuwashwa betri inakufa, tairi zinalegea, panya wanaingia wanatafuna nyaya. Gari la kukaa ndilo linalokula sana."

"Wewe umeulizwa?" mume wangu akamwambia, lakini nilimwona ameguswa, maana alilizunguka gari sasa, akiinama kutazama chini kana kwamba panya wameshaingia.

Bi Sikujua ndiye aliyekata shauri. Tulichukue kwa mwezi mmoja kwa kukodi, Donatus akae kwetu, Philomena apelekwe Ushirombo, na mwezi ukiisha ama tulete ng'ombe ama turudishe gari. "Mpaka hao ng'ombe waingie zizini kwangu," akasema, "gari ni langu. Tumeelewana, Baba Philomena?"

"Tumeelewana," akajibu mume wangu, naye tayari amekwisha panda mbele na mkono ameutoa dirishani.

Nakuomba ukumbuke hilo neno tumeelewana.

Tulipofika nyumbani watoto wa mji mzima walikuwa nyuma yetu wakikimbia, na wanawake wakipiga vigelegele kama tumeleta bibi harusi. Philomena alitoka na tumbo lake akaomba kubonyeza honi. Akabonyeza, kuku wakaruka mpaka juu ya paa, akacheka mpaka akaketi chini. Nilikuwa sijamwona akicheka vile tangu yale ya mwanzo. Kwa hiyo sikumlaumu mtu yeyote kwa kufurahi. Furaha ilitujaa sote, na hapo ndipo mume wangu alipoingia ndani akatoka na kibuyu cha pombe.

Alimwita ndugu yake Masele. Masele ni mdogo wake, manju, mwimbishaji mkuu wa kundi la ngoma la Wagika, mtu wa maneno matamu na mabega mapana. Wakasimama mbele ya gari, wakanywa kidogo, wakaitema pombe kwa kuipuliza juu ya tairi zote, huku wakitaja wazee waliotangulia. Kisha Masele akafunga ushanga mweupe kwenye kioo cha pembeni, akaweka kiganja juu ya boneti na kusema, "Wewe ni Mageni."

Mageni ni babu yao. Na usiyejua mambo yetu nikueleze: kwetu dume la ng'ombe likishapulizwa hivyo na kupewa jina la babu, ni la babu. Haliuzwi, haliazimwi kwa mgeni, halitoki kwenda zizi la mtu mwingine, na kila mjukuu ana haki nalo sawa na mwenye zizi. Hivyo ndivyo tunavyofanya kwa ng'ombe tuliyemfurahia. Tukakifanya kitu hicho hicho kwa gari la kukodi.

"Baba Philomena," nikasema, "hili si letu."

"Litakuwa letu."

"Bi Sikujua akiona ushanga huo?"

"Atajua tumelipenda."

Donatus alisimama pembeni akikuna kichwa. Yeye ni mtu wa kutoka mbali, hakujua limefanyika nini. Akaniuliza pole pole, "Mama, nifute?" Nikamwambia hiyo haifutiki.

Asubuhi yake walianza kuja. Wa kwanza alikuwa shangazi wa mume wangu, akapiga goti mbele ya gari, "Shikamoo, babu," kisha akamwambia Donatus nyungu zake ziko tayari, ampeleke mnadani. Baada yake akaja binamu mwenye mbuzi. Baada yake mwingine ambaye hakuwa na safari yoyote, alitaka tu babu amzungushe. Mume wangu hakuweza kuwazuia. Gari la kukodi ungesema, mwenyewe hataki, mkataba hauruhusu, nami pia naogopa. Gari ulilonunua ungeweza walau kununa. Lakini la babu utamnyima nani? Ukiwanyima wajukuu mali ya babu, siku ya kulima hawaji, siku ya msiba hawaji, hata moto wa kuwashia jiko hakupi mtu. Basi kila siku gari lilitoka likiwa limejaa na kurudi limejaa, na Donatus akawa mwekundu kwa vumbi kama tofali.

Nisiseme uongo, lilikuwa jambo la kupendeza. Nilikwenda nalo kisimani, kisima ambacho nakiona kutoka mlangoni kwangu. Watu waliokuwa hawasemezani walibanana nyuma wakaimba pamoja. Mume wangu alijifunza kupiga honi kwa mapigo ya ngoma, na jioni watu walisimama njiani kumsikiliza.

Lakini mimi nina moyo wa wasiwasi, na nashukuru ninao. Niliona petroli inavyokwisha. Nikamwomba Donatus aniletee debe moja lililojaa, nikalifungia kwenye banda la kuku, mbali na moto, nikaweka majani juu yake. Hilo nilisema ni la Philomena. Tulipanga mwezi ukiandama tu tumpeleke akasubirie kule kule kwa masista. Zilibaki siku chache.

Ndipo siku ya ngoma ikafika. Wagika na Wagalu walikuwa wanashindana, na ushindani wetu uko hivi: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja wakati mmoja, na yule anayevuta watazamaji wengi upande wake ndiye mshindi. Kwa hiyo kila manju anatafuta kitu cha kuwashangaza watu. Masele alifika kwetu asubuhi na mapema, manyoya ya mbuni kichwani, macho yamemtoka.

"Shemeji, Wagalu wameleta chatu. Mnene kama kinu. Wote watakwenda kwao."

"Na ninyi?"

"Sisi tuna babu."

Nikasimama mlangoni mwa gari. "Masele, gari hili linamngoja Philomena."

"Mwezi haujaandama, shemeji. Uwanja ni pale tu. Jua likiwa juu kichwani tumerudi."

Nikamtazama mume wangu. Akatazama chini. "Ni la ukoo," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo, "Na mimi ningependa kuona."

Wakaondoka, gari limevikwa manyoya na vitambaa mpaka taa hazionekani, mume wangu amesimama nyuma na bendera. Philomena aliwapungia mkono. Kisha akashika mwimo wa mlango, akaushikilia.

"Mama," akasema, "nadhani uchungu umeanza."

Sikupiga kelele. Nilimlaza, nikamwita jirani yangu Zipora akae naye, nikaenda banda la kuku. Nilisokota kata, nikajitwika debe. Kwa nini nililibeba? Kwa sababu niliwajua wale. Nilijua nitakuta gari halina kitu tumboni. Nilitembea kwa haraka kadiri debe lilivyoniruhusu, na njia nzima nilikuwa nasikia ngoma mbele na sauti ya Sista Klara nyuma: usingoje.

Watu waliokuwa wanaelekea uwanjani waliona mwanamke na debe wakadhani ni pombe.

"Mama, tuonjeshe hapa hapa, tusipange foleni."

"Ukionja hii," nikawaambia bila kusimama, "utacheza peke yako mpaka Mwanza."

"Kali eeh? Ndiyo tunayoitaka." Wakanifuata, wakawa kundi zima nyuma yangu wakinisifu.

Uwanja, mwenzangu, hata kwa hofu niliyokuwa nayo ulinipa msisimko. Watu walikuwa kama pamba ilivyomwagwa sokoni. Upande mmoja mtu wa Wagalu alikuwa amejizungushia chatu shingoni na watu wamemzunguka. Upande wa pili Donatus akaliungurumisha gari, akapiga honi kwa mapigo ya ngoma, akalisogeza mbele likitikisa manyoya, na Masele amesimama juu ya boneti akiimba. Watu wakaanza kumwacha chatu. Walitoka mmoja mmoja, kisha kwa makundi, kisha wakakimbia. Mwenye chatu alibaki anageuka huku na huku na nyoka wake, hana wa kumwonyesha.

Nikapasua watu mpaka mbele. Mume wangu aliponiona na lile debe kichwani aliacha kucheza mguu mmoja ukiwa juu.

"Masele, shuka," nikasema.

"Shemeji, watazame watu. Chatu amebaki na mwenyewe."

"Philomena ameanza."

Ngoma ziliendelea. Akainama ili wengine wasisikie. "Nikiondoa gari sasa hivi wote wanarudi kwa chatu. Wagalu watatuimba mpaka msimu ujao. Tupe kidogo tu. Gari ni la babu, shemeji, si la mtu mmoja."

"Sawa, ni la babu. Na aliye tumboni mwa Philomena ni wa babu yupi?"

Alinitazama. Kisha akasimama wima na kulipiga paa la gari kwa fimbo yake. "Donatus, twende nyumbani kwa kaka."

"Petroli imebaki ya kunusa, mzee," Donatus akajibu.

Nikatua debe. Wale waliokuwa wananifuata walipoona Donatus analimimina kwenye gari walishika vichwa. "Pombe yote hiyo anapewa gari?" mmoja akauliza kwa uchungu wa kweli. Donatus akawafokea wazime viko vyao kwanza, na hapo ndipo walipoelewa.

Gari likaondoka. Masele hakushuka. Alirukia nyuma na wapiga ngoma wake wakaruka naye, akaanza wimbo papo hapo, kwamba babu Mageni anakwenda kumchukua mjukuu. Na watu wote wale, wa kwetu na wa chatu, wakakimbia nyuma ya gari. Uwanja ukabaki mtupu. Mpaka leo Wagalu wanasema hatukushinda, tulikimbia. Lakini walikuwa nyuma yetu wakikimbia nao, niliwaona, hata mwenye chatu.

Nyumbani tulimlaza Philomena nyuma ya gari juu ya magunia ya pamba. Akatazama yale manyoya, wale watu, zile ngoma, na katikati ya uchungu akaniuliza, "Mama, nimekufa au naolewa tena?"

"Unakwenda Ushirombo. Nishike."

Safari ile siwezi kuisimulia yote. Masele aliwakataza vijana kupiga ngoma, wakaimba chini chini tu, wakimkinga jua kwa vitambaa vyao. Palikuwa na mto mkavu, mchanga mtupu, na gari lilipoingia lilizama mpaka mhimili. Wakashuka wote, manyoya na kengele miguuni, mume wangu mbele yao, wakalisukuma kwa kuimba. Hatukuwa na namna nyingine ya kutoka pale. Hilo nalo nalisema, maana ni haki yao.

Sista Klara alitoka na kukuta kundi la wachezaji wenye manyoya limebeba mwanamke. "Hii ni harusi?" akauliza, lakini mikono yake ilikuwa imekwisha mfikia Philomena, na alipomgusa tumbo uso ukabadilika. Mlango ukafungwa.

Tulikaa chini ya ukuta. Masele alivua manyoya moja moja akiyaweka magotini. Mume wangu alishika kile kioo cha pembeni cha gari kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Kengele ya misheni ya jioni ilipiga, na kabla haijanyamaza tukasikia kilio. Kikali, cha hasira, hakina hata haya. Sista Klara akatoka akifuta mikono.

"Wa kike. Mama yake anaomba uji." Kisha akanivuta kando. "Kamba ya kitovu ilimzunguka shingoni. Mngechelewa saa moja tu, Mama." Hakumalizia.

Nilikaa kidogo na mwanangu, nikatoka. Mume wangu alikuwa analia na kucheka, na katikati ya hayo akasema, "Sasa umeona. Gari hili haliwezi kurudi kwa Bi Sikujua. Lina jina la babu. Hata kama hatutaki, lazima tulinunue."

Kumbe alikuwa ameshalifikiria. Na alikuwa na haki kwa desturi yetu. Nikaliona lile gari limesimama kwangu miaka yote, panya ndani, shangazi na nyungu zake nje, na siku nyingine ya ngoma, na binti mwingine mlangoni.

"Babu amehama," nikasema.

"Amehamia wapi?"

"Sikiliza. Huyo anayelia humo ndani ndiye Mageni."

Masele akainua kichwa. "Shemeji, huyo ni wa kike."

"Na gari lilikuwa la kiume?"

Masele akacheka, akacheka mpaka manyoya yote yakamwanguka magotini. Akainuka mwenyewe, akafungua ule ushanga kwenye kioo, akaupuliza vumbi, akanipa. Nikaenda kuufunga kiunoni kwa mtoto. Mume wangu alilitazama gari muda mrefu. Halikuwa na mtu ndani sasa. Lilikuwa pikapu ya kijani tu, imejaa mchanga.

Tulilirudisha. Bi Sikujua alilizunguka, akanusa tairi, akatoa unyoya wa mbuni ndani ya taa. "Hili gari limekunywa?"

"Kidogo," nikasema.

"Na ng'ombe wangu wako wapi?"

"Wako zizini kwetu. Sisi ni wateja wako wa kukodi, Bi Sikujua. Tukitaka kwenda, tutakuja."

Basi ndiyo hayo, mwenzangu. Kwa safari za mara moja moja, kodi. Ukimaliza, lirudishe kwa mwenyewe, panya na betri ziwe shauri lake. Na likiwa mikononi mwako, mpende dereva, mpe uji, lakini gari lenyewe usilipe jina.

Siku ya ubatizo tulilikodi tena kwenda Ushirombo. Philomena alikaa mbele na mtoto, Donatus ameshawasha. Nikamwona mume wangu anatoka ndani pole pole, mkono mmoja nyuma, anaelekea kwenye tairi.

"Baba Philomena, una nini huko nyuma?"

"Maji tu."

Nilikinusa kile kibuyu, nikampokonya, nikakimwaga shambani, ndipo tukaondoka.